Mashine ya kukaushia nguo imepigwa direkti: chomoa kwanza, tuzungumze baadaye

Swali: Assalaamu alaykum kaka fundi. Nipo Fuoni, nina watoto wanne, watatu wanakwenda skuli. Nina mashine ya kukaushia nguo, ile ya bomba la kutolea hewa nje, niliinunua kwenye kontena la vitu vya Uingereza. Masika haya ikaanza kuzunguka bila ya joto. Fundi alikuja akafungua nyuma, akanionesha kidude kidogo kama kifungo cha koti, akasema hichi ndicho kilichokufa na hapa Unguja hakipatikani. Akakitoa, akaunga waya mbili pamoja. Sasa joto lipo, tena kali, lakini nguo bado zinachukua saa mbili na zaidi, na zikitoka zina harufu ya pasi iliyounguza. Naweza kuitumia hivi mpaka mvua zishe? Na niifanyie nini isiharibike tena?

Waalaykum salaam dada yangu. Nenda kaichomoe plagi sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Kuzima swichi ya mashine hakutoshi, itoe plagi yenyewe ukutani. Usiitumie tena hivi ilivyo, hata kama umekaa mbele yake unaiangalia, hata kama sare za skuli za kesho bado mbichi. Zipige pasi zikauke, au ziwekee feni usiku kucha. Nyumba yenye watoto wanne haiachiwi mashine ya namna hiyo.

Kidude alichokitoa fundi wako ni fyuzi ya joto. Kinakaa juu ya kasha la hita, na kazi yake ni moja: hita ikipata moto kuliko inavyotakiwa, kikate umeme wa hita peke yake. Ndiyo maana ngoma iliendelea kuzunguka na upepo ukatoka, ila wa baridi. Wazee wetu walijua ubaya wa kuweka msumari mahali pa fyuzi, na kupiga direkti pale ni msumari uleule. Sasa hakuna tena kitu cha mwisho cha kuizuia hita, na ile harufu ya pasi ni nguo zako zinazoanza kuungua.

Sitaki umkasirikie fundi kupita kiasi. Wengi wetu kazi tulijifunza kwenye feni, friji na pasi, na mashine hizi zimeingia majumbani kwetu juzi tu. Lakini alitakiwa ajiulize kwa nini fyuzi imekata. Fyuzi ya joto haichakai kama soli ya kiatu, hukata kwa sababu, na sababu hiyo bado imo ndani ya mashine yako. Nguo zinachukua saa mbili na joto ni kali: hewa haipiti.

Hapa ndipo watu wanapoikosea mashine hii. Wanadhani inakausha kwa moto, kama mtu anayekausha samaki jikoni. Fikiria kamba yako ya kuanikia uwani. Siku ya kaskazi, jua limetoka na upepo unavuma, unaanika kanga asubuhi na kabla ya adhuhuri umeshaianua. Siku ya masika, joto lilelile la kutoka jasho, lakini hewa imetulia na imejaa maji, unaanika asubuhi na magharibi unaanua kitu kibichi chenye uvundo. Nguo inakaushwa na hewa inayopita, ikachukua maji, ikaondoka nayo. Hita kazi yake ni kuifanya hewa ile iwe na kiu tu.

Na maji yenyewe si machache. Pakia kilo 7 za nguo za pamba zilizokamuliwa na mashine ya kufulia kwa mizunguko 1,000 kwa dakika: bado zina maji karibu lita 4. Ndoo ndogo nzima, na yote lazima yatoke kwenye bomba lile yakiwa mvuke. Bomba likiziba, mvuke unabaki ndani ya ngoma, nguo zinachemka ndani yake badala ya kukauka, na hita isiyopata upepo wa kuipoza inazidi kuwaka nyekundu mpaka fyuzi inakata. Kwako haikati tena.

Basi tutafute hewa imekwama wapi. Mahali ni patatu, na kazi hii unaiweza mwenyewe plagi ikiwa imechomolewa.

Anza na chujio la mlangoni. Najua utaniambia unalisafisha. Wengi wanalisafisha kwa kutoa ule usufi wa juu, yaani vinyuzi vinavyotoka kwenye nguo, kwa vidole, na hilo lazima lifanyike kila unapotoa nguo, kila mara, bila ya kungoja mzigo wa pili. Lakini chujio linaweza kuonekana safi na likawa limeziba. Maji ya kulainishia nguo na mabaki ya sabuni hufanya utando mwembamba usioonekana kwenye wavu. Lipeleke kwenye mfereji, limwagie maji. Yakipita moja kwa moja, chujio ni zima. Yakisimama juu ya wavu kama yaliyomwagwa kwenye sahani, limeziba. Lisugue kwa maji ya moto, sabuni na mswaki mkuukuu, kisha liache likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Ukiwa hapo, mulika tochi ndani ya tundu linamokaa chujio. Kwenye nyumba zetu mimi hutoa humo pini za mtandio, vishikizo vya sare na mchanga wa ufukweni. Pini moja ikisimama vibaya hushika usufi, usufi hushika usufi mwengine, na baada ya mwezi njia imefungwa.

Halafu bomba. Hujaniambia mashine imewekwa wapi, lakini kwenye nyumba nyingi nilizoingia huwa stoo, imesukumwa mpaka ukutani, na bomba limejikunja nyuma kama utumbo. Bomba la inchi 4 likibanwa nusu si bomba tena. Ivute mashine, litoe bomba pande zote mbili, likung'ute nje uone kitakachoanguka. Angalia sehemu iliyolegea ikaning'inia chini: mvuke hupoa hapo ukawa maji, maji yakakaa, na usufi ukageuka uji mzito. Bomba liwe fupi kadiri inavyowezekana, lenye kona chache, literemke kidogo kuelekea nje. Kama la plastiki limechanika, usilizibe kwa selotepu, tafuta la bati jembamba linalokunjika.

Upande wa nje kuna jambo la kwetu ambalo kitabu cha maelekezo hakilitaji. Watu wanafunga wavu wa mbu kwenye mdomo wa bomba. Wanafanya kwa nia njema, malaria haina mzaha. Lakini wavu ule unashika usufi ndani ya wiki mbili na kuwa kama blanketi. Uondoe, weka kifuniko chenye ulimi unaojifungua upepo ukitoka na kujifunga mashine ikizimwa. Mbu hapiti, na shomoro naye hajengi. Na kama bomba linatokea chini ya paa la makuti, kwenye kibanda cha uwani au jiko la nje, ligeuze leo. Usufi mkavu wenye joto chini ya makuti makavu sina haja ya kuueleza kwa mtu wa Unguja.

Kama bomba lako halitoki nje kabisa, linapuliza stoo kwenyewe, basi umeshapata sababu ya saa mbili. Mashine inavuta hewa ya chumba, inaijaza maji, inaitema chumbani, kisha inaivuta tena. Kuta zitaota kuvu kabla nguo hazijakauka.

Mahali pa tatu ni ndani, na ndipo panaponitia hofu zaidi. Chomoa plagi, acha ipoe nusu saa. Mgongoni kuna bati lililoshikwa na skrubu ndogo, zitie ndani ya kikombe zisipotee. Vaa glavu, maana bati za ndani zina makali kama wembe. Piga picha waya zote kabla hujagusa chochote. Utaona kasha lenye koili zilizojikunja kama springi ya kalamu: hiyo ndiyo hita. Tazama usufi uliokizunguka kasha lile. Ule wa kawaida ni wa kijivu, laini, unavutika kama usufi wa mto. Lakini karibu na hita utakuta mwengine wa kahawia, na ukiugusa hauvutiki, unavunjika vipande kama jani kavu la mwembe. Huo umeshapikwa. Ulibakisha kidogo tu kuwaka.

Mashine moja niliyoifungua Mbweni ilikuwa na usufi wa kahawia upana wa kiganja, na katikati yake tundu jeusi, duara, kama alipozima mtu sigara. Uliwaka, ukajizima wenyewe kwa kukosa hewa. Mwenye nyumba alikumbuka kusikia harufu siku moja, akadhani ni jirani anachoma taka.

Usufi huo uondoe wote kwa brashi ya rangi iliyo kavu, na mashine ya kunyonya vumbi kama ipo. Usipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, utauhamisha tu uingie kwenye mota. Fikia na pangaboi la hewa, mapengo yake hujaa usufi likawa linazunguka bila ya kusukuma kitu. Tazama pia utepe wa kitambaa kizito, kama cha tarbushi, uliozunguka mdomo wa ngoma mbele na nyuma. Ukishalika au kubanduka, usufi hupita pembeni ukaingia ndani ya mashine, na utasafisha leo, mwezi ujao umejaa tena. Kusafisha ndani ni mara moja kwa mwaka kwa mtu anayetumia masika tu. Ukiitumia kila siku, fanya kila miezi sita.

Kama unaona nakutisha, nakuomba uvumilie. Mamlaka ya zimamoto ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2008 na 2010 moto wa majumbani uliotokana na mashine hizi ulifika wastani wa 2,900 kila mwaka, na sababu iliyoongoza, asilimia 34, ilikuwa kutosafisha.

Na kwa kuwa yako imetoka Uingereza, kuna jambo lazima uliangalie kabla ya kutoa hata shilingi moja ya kipuri. Mwaka 2015 kampuni ya Whirlpool ilitangaza kwamba baadhi ya mashine zilizouzwa kwa majina ya Hotpoint, Indesit, Creda na mengineyo, zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015, zina kasoro ya kiwandani: usufi unaweza kuifikia hita na kushika moto. Mwaka 2019 serikali ya Uingereza ikataka zirudishwe. Mashine za umri huo ndizo hasa zinazokuja kwenye makontena. Fungua mlango, utakuta kibandiko chenye namba ya modeli kwenye ukingo. Ipige picha, muombe kijana wa nyumbani aitafute kwenye tovuti ya kampuni. Ikiwa imo kwenye orodha, usiitengeneze na usimuuzie mtu. Toa mota na ngoma uuze chuma, basi.

Ikiwa haimo, kutengeneza kunawezekana, na si ghali kama unavyofikiri. Mwite fundi mwenye mita, asiyekisia. Hatua yake ya kwanza ni kuutoa ule muungo wa direkti. Kisha apime hita ikiwa waya zake zimetolewa. Hesabu yake ni nyepesi: volti 230 mara 230, gawa kwa wati zilizoandikwa. Hita ya wati 2,500 itasoma omu 21 hivi, ya wati 2,000 omu 26 hivi. Nyengine zina koili mbili, kila moja hupimwa peke yake. Mita ikionesha njia imekatika, hita imekufa. Apime pia kati ya koili na kasha la bati, na hapo mita isioneshe njia yoyote. Ikionesha, koili imelegea inagusa bati, na hiyo ni shoti inayosubiri mtu.

Fyuzi mpya ya joto agiza kwa namba ya modeli. Ni kweli madukani kwetu haipatikani kirahisi, lakini ni kitu kidogo, chepesi, mtu anayetoka Dubai au Uingereza anakuja nacho mfukoni, na wauzaji wa vipuri wa Dar es Salaam huagiza. Kwa mashine nyingi huuzwa pamoja na themostati yake, viwili kwenye pakiti moja, na ubadilishe vyote viwili. Themostati ndiyo inayowasha na kuzima hita wakati wa kazi, na kama imeganda ikawa haizimi, fyuzi mpya itakata wiki ileile. Usikubali fyuzi ya jiko la wali au ya pasi kwa sababu tu inafanana umbo. Kila moja imeandikwa nyuzi zake za joto, na nyuzi hizo si za kubahatisha.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo huikata fyuzi kwenye nyumba zetu hata pale mashine ikiwa safi. Dakika za mwisho za kazi, mashine huzima hita lakini huendelea kupuliza hewa baridi ili kuipoza. Umeme ukikatika katikati, ngoma inasimama, upepo unasimama, lakini koili bado ni nyekundu. Joto lote linapanda palepale penye fyuzi, nayo inakata. Hatupo tena kwenye giza la miezi mitatu la Disemba 2009 hadi Machi 2010, lakini umeme bado unakatika na unarudi. Ukikatika mashine inafanya kazi, fungua mlango saa ileile, toa nguo zote, zitandaze zipoe, acha mlango wazi. Zima na swichi, ili umeme ukirudi ghafla isije ikaanza. Ndivyo hivyohivyo ikiwa una haraka na nguo: usiikatishe katikati, iache imalize kupoa. Na kabla ya kuiwasha tazama uniti zako za tukuza, ile mita ya umeme ya kulipia kabla. Zikiisha katikati ya kazi, ni sawasawa na umeme kukatika.

Umeme mdogo ni kisa chengine. Nguvu ya hita hushuka haraka kuliko volti zinavyoshuka. Volti zikishuka kutoka 230 mpaka 180, nguvu ya hita inashuka hadi kama asilimia 61, kwa hiyo hita ya wati 2,500 inafanya kazi kama ya 1,500. Mtu analalamika mashine imechoka, kumbe ni saa mbili usiku na mtaa mzima umewasha majiko na viyoyozi. Jaribu alfajiri uone tofauti kabla ya kununua kipuri chochote.

Kisha iguse plagi. Mashine hii inavuta ampia 11 karibu saa nzima bila ya kupumzika. Baada ya dakika ishirini ya kazi weka mkono juu ya plagi: vuguvugu ni sawa, moto wa kukufanya utoe mkono si sawa. Soketi iliyogeuka rangi ya kahawia inabadilishwa, na waya unaoingia ndani yake uwe wa milimita za mraba 2.5. Waya wa kuongezea, zile za tundu nne zinazouzwa barabarani, usitumie kabisa. Na ukigusa bati la mashine ukahisi inakuwasha vidole, athi, yaani waya wa ardhini, haipo. Usiitumie mpaka fundi wa nyumba aitafute. Nyumba za Paje na Jambiani zina lao pia: upepo wa bahari huleta chumvi mpaka ndani ya mashine, vichwa vya waya vinaota kutu ya kijani, vinalegea, vinapata moto. Huko fundi akifungua lazima avisugue au avibadilishe, hata kama hakuitwa kwa hilo.

Ugonjwa mwengine ni mwepesi kuutambua. Mota inanguruma na ngoma haizunguki: fungua mlango, izungushe ngoma kwa mkono. Ikizunguka kirahisi kabisa kama haikushikwa na kitu, mkanda umekatika. Ikiwa nzito kama kawaida, na ukiisukuma huku mashine imewashwa inaendelea yenyewe, kapasita ya mota, kile kidude kinachoisaidia kuanza, imechoka. Hii mwachie fundi, kwani kapasita hubakia na umeme hata plagi ikiwa imetolewa. Mlio wa kukwaruza kila mzunguko ni magurudumu ya ngoma au beringi ya nyuma. Usitie mafuta ya kupikia, yanashika usufi na yanawaka. Mashine inayosimama mapema na nguo bado mbichi huwa na utando kwenye vipande viwili vya chuma vilivyomo ndani ya ngoma, vile vinavyopima unyevu. Vifute kwa kitambaa chenye siki. Imenipata mara nyingi kuitwa kwa ajili ya bodi iliyokufa na nikaondoka baada ya kufuta siki tu.

Tukija kwenye nguo zenyewe, kuna za kutotia. Kofia ya viua usiitie, itapoteza umbo na kazi ya miezi itakuwa imepotea kwa nusu saa. Buibui na mitandio ya nailoni ni kwa joto la chini, na utoe pini kwanza. Sare za watoto zikung'ute mchanga. Kanga hazina shida, ila zinajisokota zikawa donge, zitie chache.

Lakini nguo yenye mafuta nakuomba sana. Vitambaa vya jikoni, mashuka na taulo zilizopakwa mafuta ya mwili au ya masaji, hata zikifuliwa hubaki na mafuta ndani. Zikipata joto, kisha zikakunjwa zikiwa moto na kurundikwa, mafuta yanaendelea kujipasha yenyewe mpaka yanashika moto bila ya mtu kuwasha kiberiti. Niliitwa nyumba moja ya wageni pwani ya kusini, wakadhani mashine imeungua. Mashine ilikuwa nzima. Kilichoungua ni tenga la taulo za masaji zilizotolewa kwenye mashine jioni, zikakunjwa vizuri, zikawekwa kona ya stoo. Saa tano usiku mlinzi akaona moshi. Taulo za chini zilikuwa mkaa, za juu bado nyeupe. Za namna hiyo zifuliwe kwa maji ya moto sana na sabuni nyingi, kisha zianikwe kwenye kamba, hata kama itachukua siku mbili.

Umeniuliza mpaka mvua zishe. Mashine ikishatengenezwa, hivi ndivyo ningeitumia mimi kwenye masika. Kamua nguo kwa mizunguko ya juu kabisa ya mashine ya kufulia, 1,400 kama ipo: maji yanayotoka kwa kukamua ni rahisi mno kuliko yanayotoka kwa hita. Kuvukiza lita 4 za maji kunataka uniti 2.6 hata kama hakuna kinachopotea, na kwa mashine ya bomba hesabu uniti 4 kwa mzigo mzima. Anika kwanza chini ya baraza palipo na upepo, hata saa tatu nne tu, kisha malizia ndani ya mashine. Utakuwa umeokoa nusu ya umeme. Jaza ngoma nusu, hewa ipate kupita. Na usiiwashe ukalala, wala ukaenda sokoni.

Siku fundi akimaliza, usimruhusu aondoke kabla hamjaijaribu pamoja. Tieni taulo mbili zilizokamuliwa, washeni, simameni nje penye mdomo wa bomba na upindo wa kanga mkononi. Uweke mbele ya mdomo. Unatakiwa upeperuke, ubaki umepeperuka, na baada ya dakika kumi uuhisi una unyevu na vuguvugu. Ukining'inia tu, mwambie afungue tena.

Kidude cha zamani kama hukukitupa, kihifadhi. Kimeandikwa namba ubavuni, kwa maandishi madogo sana, na namba hiyo ndiyo utakayompa anayekwenda Dubai.